Zamu ya Loisi

Mwalimu Stanley alikuwa na sauti nzuri ya kusomea. Hilo hata wasiompenda walilikubali. Akisimama mbele ya kidato cha nne, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha puani na kuanza kusoma ukurasa wa tamthiliya, hata wale wa viti vya nyuma, ambao darasa kwao ni mahali pa kusinzia baada ya uji, waliinua vichwa. Alifundisha fasihi katika sekondari moja ya kata mashariki mwa Dodoma, si mbali na Mtumba, na ukimpa nafasi angekufundisha na wewe palepale barabarani. Fasihi ni kioo cha jamii, alikuwa akisema, na kila aliposema hivyo alinyoosha kidole dirishani. Jamii ilikuwa kule nje, ng'ambo ya uzio wa shule. Kidole kile hakikuwahi kugeuka kikaelekea kifuani mwake, na mimi simshangai sana, maana wengi wetu tuna vidole vya namna hiyo.

Nyumbani alikuwa na mke, Loisi, na Loisi ndiye aliyemfikisha hapo alipo. Walioana Kongwa, wakati Stanley ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti tu, na Loisi ni binti aliyemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo mumewe hakuwahi kuyaota. Loisi alitaka uuguzi. Stanley alitaka kupanda afundishe sekondari. Hela ya kusomesha watu wawili haikuwapo, kwa hiyo wakaelewana kama watu wazima: mmoja asome, mwingine atafute, kisha wabadilishane. Kwa kuwa Stanley ndiye aliyekuwa na ajira, akatangulia yeye. Walipeana mikono juu ya meza yao ya kwanza, wakacheka, kama watoto wanaopangiana zamu ya kubembea.

Loisi akaanza kupika. Alianza na maandazi pale Kongwa, akaingia kwenye chapati na maharage, na wizara zilipoanza kujengwa Mtumba akahamishia sufuria zake huko. Aliwalisha mafundi waliokuwa wakinyanyua kuta, na kuta zilipokwisha akawalisha wale walioingia ndani yake na vitambulisho vimening'inia shingoni. Sufuria hizo ndizo zilizompa Stanley stashahada. Ilipofika zamu ya Loisi, mtoto wao alikuwa bado ananyonya. Mtoto alipoacha ziwa, walikuwa wanahama Kongwa. Walipokwisha kuhama, nafasi ya shahada ikajitokeza, na nafasi kama ile nani anaiacha? "Nikimaliza hii tu, mke wangu," alisema Stanley. Akaimaliza. Kisha kukawa na nyumba ya kuezeka. Ubaya wa sababu zake ni kwamba zote zilikuwa za kweli.

Wala hakuwa mtu mkorofi, tusimsingizie. Hakunywa. Hakuwahi kumwinulia mkewe mkono. Mbele za watu alimsifu mpaka masikio yao yakachoka: "Huyu hapa ndiye mwenye akili nyumbani kwangu, mimi nabebwa tu." Wageni wakija aliinuka mwenyewe kukusanya sahani, na akina mama wa kanisani walimwambia Loisi kwamba amebarikiwa. Loisi aliitikia amina. Ungekuwa wewe ungeitikia nini?

Mwaka huu, siku moja anachambua mchele, Loisi aliligusia tena suala la zamu yake. Alikuwa ameulizia. Chuo cha afya cha kule Mpwapwa, karibu na kwao, kingempokea na matokeo yake ya zamani, ila wamemwambia asichelewe, umri nao una mwisho wake. Alisema bila kuinua macho kwenye ungo. Stanley akavua miwani. "Ni kweli, mke wangu," akasema. "Hili lazima tulipange vizuri."

Ambacho hakumwambia ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameomba shahada ya uzamili, amekubaliwa, na masomo yanaanza mwezi unaofuata. Akienda yeye, Loisi ndiyo basi tena, na Stanley alilijua hilo vizuri. Alilijua kama mtu anavyojua ana jino bovu, akawa anatafunia upande wa pili.

Neno kama hilo humwambii mke ana kwa ana. Kwao, jambo likiwa zito kati ya watu wa nyumba moja, hutafutwa mkubwa alibebe. Na mkubwa ambaye Loisi hajawahi kumkatalia kitu ni mmoja tu, baba yake, Mzee Zablon, mkulima wa uwele kwenye kijiji cha ndani huko Mpwapwa. Stanley akampigia simu. Akamwalika mahafali ya kidato cha nne, aje aone kazi ya mkwewe, na akaongeza kwamba ana neno dogo la kumweleza baada ya chakula. Kisha akaenda mnadani kutafuta mbuzi.

Wakati huohuo shuleni kulikuwa na igizo la kuandaa. Mwandishi wake alikuwa binti wa kidato cha nne aitwaye Wambura, mtulivu, mwenye mwandiko mdogo kama wa mtu anayebania karatasi. Mama yake, mtumishi wa serikali, alihamia Dodoma pamoja na wizara yake. Wambura aliandika igizo la mume na mke waliokubaliana kusoma kwa zamu, na zamu ya mume ikawa haiishi. Alimpelekea Mwalimu Stanley alisahihishe, na Mwalimu Stanley akalisoma ofisini akinywa chai, akatikisa kichwa kwa uchungu wa kweli kwa ajili ya yule mke. Naapa hakujiona. Alilisoma kwa kalamu nyekundu mkononi, na mtu mwenye kalamu nyekundu huona makosa ya wengine tu.

Kosa aliloliona lilikuwa hili: katika maandishi ya Wambura, mume alikuwa mlevi anayefoka na kurusha viatu.

"Mhusika wako ni bapa," alimwambia. "Ana upande mmoja. Akiingia tu watu watamchukia, na wakishamchukia hawatamsikiliza. Mume wa namna hii hafoki, Wambura. Angekuwa anafoka, mkewe angekwisha kuondoka zamani."

"Sasa anafanyaje, mwalimu?"

"Anabembeleza."

Jioni hiyo, kwenye mazoezi, alimwita Habibu, kijana mrefu aliyepewa sehemu ya mume, akamwambia akae pembeni atazame. Stanley akasimama katikati ya darasa. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaitazama hewa iliyokuwa mkewe. "Mke wangu," akasema, na sauti ile nzuri ikashuka chini mpaka ikawa ya chumbani, "wewe ndiye mwenye akili humu ndani. Mimi nasoma kwa ajili yako. Nikimaliza hii tu, nakuapia, sufuria hizi tunazigawa kwa majirani." Akainama akakusanya sahani za kufikirika mezani. "Kaa, mama, leo naosha mimi, wageni waone."

Msichana mmoja akawa anayaandika maneno yale mbiombio. Habibu alikuwa ametoa macho, midomo inamcheza, anajifunza.

"Mwalimu," Wambura akauliza, "umejuaje?"

"Mwandishi lazima aichunguze jamii," akajibu Mwalimu Stanley, na akajiona amesema kitu.

Walikwama kwenye mwisho. Wambura alitaka mke afe, maana wanafunzi wetu wakikosa mwisho huua mtu. Stanley akakataa. Akatembea huku na huku, mikono mgongoni. "Mume amepata nafasi nyingine ya kusoma," akasema. "Anaogopa kumwambia mkewe. Atafanya nini? Atamwita baba mkwe! Atamchinjia mbuzi, mzee atashiba, halafu mzee ndiye atakayemwomba binti yake avumilie tena." Darasa zima likapiga makofi. Wazo lilikuwa limemjia lenyewe, upesi, limekamilika, na hakujiuliza limetoka wapi. Watu wa pale shuleni mpaka leo hawaamini kwamba hakujua. Mimi naamini. Simu kwa Mzee Zablon alikuwa ameipiga wiki iliyotangulia, na mambo hayo mawili yalikuwa yamekaa ndani ya kichwa kimoja bila kusalimiana.

Mzee Zablon alifika Ijumaa, amevaa koti la suti juu ya shuka yake, na mfuko wa mlenda mkavu kwa ajili ya binti yake.

"Shikamoo, baba," Stanley akamwinamia.

"Marahaba. Mbukwa, mkwe wangu!" mzee akaongeza salamu ya Kigogo. "Umenenepa. Elimu ina virutubisho."

Mahafali yalikuwa Jumamosi. Upepo wa Dodoma ulikuwa umeamka mapema kuliko watu, turubai zinapigapiga, vumbi linaingia kwenye hotuba na kwenye soda. Mbuzi alikuwa amechinjwa alfajiri, yuko nyumbani anasubiri. Loisi ndiye aliyepewa kazi ya kuwapikia wageni wa shule, kwa hiyo tangu kabla ya jua alikuwa nyuma ya jengo la utawala na wanawake wenzake, amejifunga kanga kiunoni, anageuza pilau. Stanley alimketisha mkwewe mstari wa mbele, pembeni yake, nyuma kidogo ya mgeni rasmi, akajinyoosha shati. Risala ikasomwa. Kwaya ikaimba. Kisha mshereheshaji akatangaza igizo, akalitaja jina la mwandishi, na akaongeza kwa sauti ya kupasua spika: "Chini ya usimamizi wa Mwalimu wetu Stanley!"

Habibu akaingia. Alikuwa ameazima miwani ya mtu. Kabla hajasema neno akaivua, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha puani.

Kidato cha tatu kikaangua kicheko. Vichwa vikageuka kumtazama Stanley. Naye akacheka, akaona watoto wanamtania, na mwalimu anayetaniwa siku ya mahafali ni mwalimu anayependwa. Kisha Habibu akasema, "Mke wangu, wewe ndiye mwenye akili humu ndani," na mwalimu wa kike aliyekaa kiti cha pili, aliyewahi kuja kula nyumbani kwao, akageuka akamtazama. Huyo hakuwa anacheka.

Hapo ndipo Stanley alipoacha kucheka. Alitambua polepole, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa katikati ya umati, anadhani anaitwa mwingine. Ile sauti ilikuwa yake. Maneno yale hakuyatunga siku ile ya mazoezi, alikuwa ameyatoa nyumbani kwake, kwenye meza yake, moja moja kama yalivyokuwa, na yalikuwa yamesemwa tayari kwa mwanamke mwenye masikio. Aliyasikia sasa kwa mara ya kwanza kutokea upande wa anayeambiwa. Yalikuwa matamu mno. Hayakuwa na tarehe ndani yake.

Uso ukamwaka. Alitamani upepo uing'oe turubai. Mgeni rasmi alikuwa anacheka, wazazi wanacheka, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Mzee Zablon, anapiga paja, machozi yanamtoka.

"Mshenzi huyu!" mzee akamnong'oneza kwa kishindo, akimsukuma bega. "Msikie anavyompaka mafuta kwa mgongo wa chupa! Mnawatoa wapi watu wa hivi, mkwe?"

"Ni igizo tu, baba," Stanley akasema.

Jukwaani mume akamaliza chuo cha kwanza, akaingia cha pili. Mke, binti mfupi mwenye kanga ya njano, akawa anapika, anapika, anapika, na kila alipouliza, mume aliinuka kukusanya sahani. Kila alipoinuka watu walicheka zaidi. Kisha akaletwa baba mkwe, mvulana mwenye ndevu za pamba. Akakalishwa. Akapewa nyama. Akala mpaka ndevu zikaanguka. Mume akamsogelea na neno lake dogo, na mzee yule, huku analamba vidole, akamgeukia binti yake: "Mwanangu, mvumilie mwenzio. Mwanamke ni uvumilivu."

Mzee Zablon akaacha kucheka. "Aa, hapo sasa," akasema, na safari hii hakunong'ona. "Mzee mjinga huyu! Anamuuza mtoto wake kwa paja la mbuzi? Mimi ningemtapikia palepale." Watu wa mstari wa nyuma wakamwitikia. Stanley aliyatazama mapaja yake mwenyewe, suruali aliyopiga pasi kwa ajili ya siku ile, akatamani awe mtu mwingine yeyote katika wilaya ile.

Igizo liliishia hapo, mke amesimama katikati na upawa mkononi, hajajibu. Makofi yakafuata. Stanley alinyanyua macho, na kando ya turubai, karibu na njia ya kwenda jikoni, akamwona Loisi. Alikuwa amelitazama lote. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Alikuwa na kitambaa cha kufutia jasho mdomoni.

Habibu akaja mbio, bado na miwani ya watu. "Mwalimu, nimepatia?"

"Umepatia," akasema Stanley.

"Nilifanya vilevile ulivyonionyesha."

Mgeni rasmi akampa mkono, akamwambia hii ndiyo fasihi tunayoihitaji, inayomgusa mwananchi. Stanley akashukuru. Wambura alimpita na cheti chake kifuani, akamwamkia kwa adabu, na hakumtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla. Stanley alijua kwa nini. Mtoto yule alikuwa ameandika habari za mtu wa kufikirika, akamkuta yuko hai.

Walikula nyumbani jua likiwa bado lipo, sebuleni, mlango wazi kuelekea uani. Stanley hakuweza kula. Loisi alipakua mbuzi na ugali wa uwele na mlenda wa baba yake, na kilichomtisha Stanley kuliko yote ni kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa na macho mekundu, ya mtu aliyelia, lakini uso umelainika, anakwenda na kurudi kama msichana. Alipompa mumewe maji ya kunawa alimwambia polepole, "Ahsante." Stanley hakujua anashukuriwa nini. Alidhani anachomwa kwa kejeli.

Mzee Zablon alikula vizuri. Alipomaliza akajifuta, akaegemea, akasema, "Haya, mkwe. Ulisema una neno. Tumbo limetulia, masikio yamefunguka. Sema."

Stanley akafungua kinywa. Alikuwa na njia nyepesi kabisa mbele yake. Angesema, "Nilitaka tu uje utusalimie, baba," na mambo yangeishia hapo, mzee angepanda basi kesho yake, na yeye angetafuta siku nyingine, njia nyingine. Alikuwa ameianza sentensi hiyo kichwani. Ila Loisi alitangulia.

"Baba, neno lenyewe umekwisha kulisikia," akasema. Aliketi chini kwenye mkeka karibu na baba yake, jambo ambalo hakulifanya tangu aolewe. "Lile igizo ni letu. Yule mke ni mimi."

Mzee akamtazama binti yake. Akamtazama mkwewe. Shavu likaanza kumcheza.

"Usikasirike, baba, sikiliza kwanza. Ni yeye aliyelifundisha. Ameyasema yote, hata ya sahani. Mimi miaka yote nilijiuliza kama huyu mtu anaona. Ningesema nini, hanipigi, hanitukani, nitamshitaki kwa nani? Leo nimesimama pale na jasho langu nikasikia maneno yangu, mbele ya mgeni rasmi, mbele yako wewe. Kumbe alikuwa anaona. Amekuita ili aniombe radhi mbele yako." Akacheka huku anajifuta machozi. "Ni mwalimu huyu, baba, hajui kusema mpaka apitie kwenye kitabu."

Mzee Zablon akainuka, akavuka mkeka, akamshika Stanley mkono kwa mikono yake yote miwili, ile migumu ya jembe.

"Mwanangu," akasema. Alizoea kumwita mkwe, leo akamwita mwanangu. "Mimi na umri wangu huu sijawahi kumwona mwanamume akijivua nguo hadharani kwa ajili ya mkewe. Mimi nilimkosea mama yake Loisi, Mungu amrehemu, nikanyamaza mpaka akafa. Wewe umenishinda."

Stanley alisifiwa mara nyingi maishani. Alipewa vyeti, alipigiwa makofi, na sifa zote zile hazikuwahi kumuuma. Sifa hii ilimkata. Alikuwa ameshikwa mkono na mzee anayelia, mke wake amemtazama kwa namna ambayo alikuwa ameisahau, ile ya Kongwa, ya meza ya kwanza. Alichotakiwa kufanya ni kuinamisha kichwa tu. Hata kusema hakutakiwa. Angeweza kuichukua radhi ile ambayo hakuiomba, akaivaa, na ikamkaa vizuri kuliko suti. Angeacha uzamili kimyakimya, Loisi angekwenda chuo, na mpaka kufa kwake angekuwa ni yule mume aliyejivua nguo hadharani. Nani angedhurika?

Na nadhani angefanya hivyo, kama asingelisikia jibu lake kichwani kabla hajalitoa, likiwa tamu, limelainika, limeshuka chini mpaka sauti ya chumbani.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?" akauliza mzee.

"Sikuwa naomba radhi, baba. Igizo aliliandika mtoto wa watu. Mimi nilimrekebishia tu yule mume, na sikujua kama ni mimi. Nimejua leo, pale kwenye kiti, wewe unacheka." Alizungumza akiitazama miguu ya meza. "Neno nililokuitia ni lilelile la yule kijana. Nimepata nafasi ya uzamili. Nilitaka ule, ushibe, halafu umwombe Loisi anipishe tena. Mbuzi ni wa hilo."

Mzee Zablon akamwachia mkono. Akaiangalia sahani yake, mifupa iliyosafishwa vizuri, na aibu ikampanda na yeye, waziwazi, ikamkunja mabega.

"Na nyama nimekwisha kuila," akasema.

Mzee akarudi kitini, akageuza uso akatazama uani, kama mtu aliyeingia chumbani mwa wenyewe bila kupiga hodi. Stanley alimsubiri Loisi afoke. Angefoka ingekuwa nafuu. Lakini Loisi alikuwa amekaa vilevile kwenye mkeka, mikono mapajani, na ule uso uliolainika ulikuwa unarudi mahali pake pa siku zote, kidogo kidogo, na Stanley akalazimika kuutazama unavyorudi.

"Ungenyamaza tu," Loisi akasema mwishowe. Hakusema kwa ukali. "Ningekuja kujua mwenyewe baadaye. Ungeniacha na radhi ile japo leo."

Stanley, kwa mara ya kwanza, hakutafuta maneno matamu.

Loisi akainuka. Akajifunga kanga upya, akamgeukia baba yake.

"Baba, kesho tunaondoka wote, wewe, mimi na mtoto. Nakwenda Mpwapwa kushika nafasi yangu chuoni. Banda langu la chakula nitamwachia mwenzangu wa jikoni, atanilipa kidogo kidogo." Lilikuwa limepangwa. Yaelekea lilikuwa limepangwa siku nyingi, likisubiri tu mtu wa kuambiwa.

"Sawa, mwanangu," akasema mzee, bado anatazama uani.

"Niwasindikize stendi?" akauliza Stanley.

"Tutakwenda na bodaboda," Loisi akajibu, akaingia chumbani kupanga nguo.